Maji ya Beseni la Kwanza

Mtaani Tezontle, mtoto akikataa kulala hutishwa kwamba Doña Eufrasia atakuja na ndoo yake. Ndoo yenyewe ipo mpaka leo, ya bati, imebonyea upande mmoja. Ilibonyea kwenye bega la mwanamume wa miraba minne aliyeruka foleni ya maji akidhani mwanamke mfupi vile hana la kumfanya. Bega likavunjika, ndoo ikabonyea, Eufrasia akachota maji yake akaenda zake. Hakuomba radhi siku ile wala baadaye.

Kule kilimani Iztapalapa, pembezoni mwa jiji kuu, maji ya bomba ni hadithi. Mabomba yapo, yamefukiwa, na mara mojamoja hukohoa upepo na kutu. Maji hasa huletwa na boza, lori la tangi, na boza likipanda kilima, watu wanaopeana amani kanisani huraruana nywele. Meno yameng'oka pale. Mzee mmoja aliumwa sikio na jirani aliyembatizia mtoto, na wote wawili wakaendelea kushika ndoo zao huku damu inawachuruzika.

Eufrasia alifika mtaani akiwa bibi harusi kutoka mkoa wa Tlaxcala, mumewe Hilario akiwa fundi mwashi. Maricruz, mtoto wao wa kwanza, alikuwa anatambaa, na wa pili alikuwa tumboni, siku boza lilipokuja baada ya ukame mrefu na watu wakalivamia. Mtu fulani alimpiga Eufrasia teke la tumbo. Hakumjua ni nani, na pengine huyo aliyepiga hakujua amempiga nani. Alirudi nyumbani na ndoo tupu, damu inamtiririka miguuni, na ndani hamkuwa na hata kikombe cha maji ya kumwoshea. Hilario alimfuta kwa matambara makavu. Mtoto alitoka kabla ya jioni, hakulia.

Eufrasia alipopata nguvu za kusimama, aliweka sheria moja: katika nyumba hii hakuna maji yatakayomwagwa kwa kutumika mara moja. Akapanga mabeseni uani. La kwanza lilikuwa la kunawia na kuogea. Mtu aliingia ndani yake akasimama, akajimwagia kwa kopo, na ole wake achezee maji. Maji hayo yakafua nguo za kazi. Yakitoka kwenye nguo yalisugua sakafu, na yakitoka sakafuni yalikwenda chooni, mwisho wa safari. Maji ya kuoshea mboga na maharage yalikuwa na njia yao, kwenye shina la mlimau na mipungate. Sabuni ya unga aliipiga marufuku kwa sababu ilikausha mlimau, akabaki na ya mche. Maganda walikula kuku, na walichokikataa kuku kiliozea kwenye pipa bovu kikawa mbolea.

Siku hizi watu wa mashirika hupanda kilima na kofia zao kuyafundisha mambo haya, wanayaita kutunza mazingira. Eufrasia aliyaita kutopigana. Kila ndoo aliyoitumia mara nne ilikuwa ndoo tatu asizohitaji kwenda kuzigombania.

Lakini humo ndani alipigana kwelikweli kuyalinda. Hilario, Mungu amrehemu, aliwahi kujikwaa akamwaga beseni la pili, akarushiwa kiatu kikampata kwenye kisogo. Maricruz alikua akijua kwamba anaweza kuvunja sahani akasamehewa, akachoma maharage akasamehewa, ila kumwaga maji ni kofi. Hilario alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akafa, waombolezaji waliokuja kunawa mikono walionyeshwa beseni, na mjane akasimama pale na macho mekundu kuhakikisha hawakosei.

Maricruz aliolewa na Rutilio, dereva wa boza. Mtaa mzima ulicheza harusi ile. Watu walitoa zawadi ambazo hawakuwahi kuwapa watoto wao wenyewe, kwa maana tangu siku hiyo boza lilianza kupita Tezontle kabla ya mtaa mwingine wowote. Doña Chole, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mpika tamale, unga wa mahindi unaofungwa majanini, mwenye mdomo usiojua likizo, alimkumbatia Eufrasia mpaka karibu amkoseshe pumzi.

"Shoga, umetupatia mkwe wa mtaa mzima!"

"Wa kwangu mimi. Nyinyi mnakunywa tu."

"Basi tutamnywa huyohuyo!"

Maharusi walipewa chumba cha juu, kwenye paa la nyumba ya Eufrasia, na ngazi yao ilishukia uani penye mabeseni. Rutilio alikuwa kijana wa mzaha, mwenye shingo nene, anayependa kuitwa mkubwa. Alikuwa akijaza pipa la mama mkwe kwanza. Eufrasia alikiri kwamba kwa mara ya kwanza maishani alikuwa akilala usingizi mzito.

Kisha beseni la kwanza likaanza kukutwa tupu.

"Maricruz! Maji ya beseni la kwanza yako wapi?"

"Nimemwaga, mama."

"Umemwaga wapi?"

"Mtaroni. Yalikuwa machafu."

"Machafu! Kwani maji ya kuogea huwa masafi? Umeolewa na boza ndiyo umeota mapembe?"

Akamzaba kofi. Maricruz alilipokea bila hata kupepesa jicho. Mtu mwingine angejiuliza mwanamke mzima amezoeaje kupigwa namna ile, lakini Eufrasia alikuwa anatazama mtaro. Wiki iliyofuata beseni lilikutwa tupu tena, na tena, na kila mara lilikuwa kofi. Mwishowe akaona amshtaki kwa mumewe. Walikuwa mezani wanakula maharage.

"Mkwe, mkeo anamwaga maji. Hebu mseme."

Rutilio alipangusa sahani kwa kipande cha tortilla, chapati ya mahindi, akatabasamu. "Anamwaga, ee? Usijali, mama. Nitamfunza mwenyewe."

"Mfunze. Mimi nimechoka naye."

Maricruz hakuinua uso. Rutilio alimfunza jioni ileile. Eufrasia alisikia vishindo huko juu akadhani wanahamisha kitanda.

Asubuhi moja ya Januari, baridi inauma vidole, Eufrasia aliamka mapema kusaga mahindi. Kabla hajauona uso wa mwanawe aliona beseni la kwanza linainuliwa kuelekea mtaroni.

"Weka chini hilo!"

Maricruz akashtuka, beseni likamponyoka likatua sakafuni, maji yakaruka yakampata Eufrasia miguuni. Yalikuwa mekundu. Ndani ya beseni lilibaki jino. Maricruz alisimama na mkono mdomoni, damu inapenya katikati ya vidole, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

Eufrasia aliinama akaliokota jino. "Ndiyo maji uliyokuwa unamwaga?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Ningeyaacha ungeona."

Nyumba nyingine mtu angefungua bomba, damu ingekwenda zake, mama asingejua. Katika nyumba ile damu ingefua nguo, ingesugua sakafu, ingepita mbele ya macho ya kila mtu mpaka ifike chooni. Kwa hiyo binti aliimwaga, na kwa kuimwaga mama akampiga, na mama mwenyewe akaenda kumwita mpigaji ampige zaidi. Eufrasia aliyaelewa yote hayo akiwa amesimama na miguu iliyolowa.  Alikwenda jikoni akachukua mchi wa jiwe wa kusagia mahindi, akapanda ngazi.

Rutilio alikuwa amelala. Pigo la kwanza lilimpata gotini, akaamka na ukelele. La pili alilikwepa, jiwe likapasua ubao wa kitanda. La tatu halikuwapo, maana alimshika mama mkwe mkono, akamsukuma mlangoni, na Eufrasia akaenda na ngazi yote mpaka chini. Alivunjika ubavu. Alilala pale uani anahema huku Rutilio anashuka taratibu kwa mguu mmoja, fulana ya ndani mwilini, mpaka akasimama juu yake.

"Haya, niguseni tena," akasema, kwa sauti ya kusikika nyumba za jirani. "Niguseni tena muone kama litapanda tone moja kilima hiki. Maji yote nitawapa hao wa bondeni. Mtalamba mawe."

Nyuma ya ukuta, Chole alisikia. Mtaa mzima ulisikia. Hakuna mlango uliofunguliwa.

Rutilio alipotoka na boza, Eufrasia alimtorosha Maricruz siku hiyohiyo, akampeleka kwa shangazi yake Tlaxcala. Rutilio naye alitimiza neno lake. Boza lilipita chini ya kilima na halikupanda. Wanawake wa Tezontle walianza kushuka na ndoo kwenda kuomba mitaa ya watu, na huko walipokewa kwa mateke. Binti wa muuza mkaa alirudi na kichwa kimepasuliwa kwa chupa. Hasira iliyostahili kumwendea Rutilio ikamwendea Eufrasia, kwa sababu Eufrasia alikuwa karibu na hakuwa na boza. Dirisha lake likavunjwa kwa jiwe. Mtu aliwakata kuku wake vichwa akavitupa kwenye beseni la kwanza.

Mwishowe walikwenda Tlaxcala wenyewe, kikundi cha wanawake, wakarudi na Maricruz wamemkamata mikono. Chole alikuwa ameshika mkono wa kulia.

"Shoga, usinitazame hivyo," Chole akasema mlangoni. "Si kwamba hatumwonei huruma."

"Mwachie mwanangu."

"Mimi nina wajukuu, Eufrasia. Wanakojoa damu kwa kiu. Kofi la mume halijaua mtu."

"Limeua wengi, Chole."

"Basi mimi kiu itaniua kabla ya kofi."

Maricruz alipanda ngazi mwenyewe. Boza likapanda kilima kesho yake, likipiga honi za furaha, na watu wakatoka na ndoo wakikwepesha macho yao yasikutane na ya Eufrasia.

Alilia siku ile. Alilia kwa hasira, akipiga ngumi ukuta wa uani mpaka vidole vikachubuka, na alilia kwa aibu ya makofi yake mwenyewe. Alipochoka kulia akabaki anatazama mabeseni. Hakuwa mtu wa mawazo marefu, lakini hili lilimjia lote kwa pamoja. Mtaa haukumpenda Rutilio. Mtaa ulikuwa na kiu. Ngumi za mwanamume yule zilikuwa za kawaida, hata Chole peke yake angemmudu. Kilichokuwa kinampiga Maricruz ni boza. Na boza Eufrasia alijua dawa yake tangu alipompoteza mtoto.

Alimweleza binti yake wakisuuza nguo, Rutilio akiwa kazini. Mvua zinaanza Mei. Nyumba zote zikinga maji ya paa, zifukie matangi, zipange mabeseni, ukame ujao mtaa unaweza kufika mvua nyingine bila boza. Hapo hakuna atakayekuja kukushika mkono.

Maricruz alikamua shati mpaka likalia. "Ukame ujao mwisho wake Aprili, mama."

"Ndiyo."

"Nitafika hiyo Aprili?"

 Eufrasia alichukua msumeno wa chuma wa marehemu Hilario akaanza kukata mabati ya magata, mifereji ya kukingia maji ya paa.

Alianza kwa Chole, kwa makusudi. Aliingia jikoni mwake bila kubisha hodi na kumkuta anamwaga mtaroni maji ya kuoshea majani ya tamale, sufuria nzima, maji ambayo hayajaona sabuni.

"Lete hapa!" akafoka akidaka mpini wa sufuria.

"Wee mwanamke una wazimu? Jikoni kwangu?"

"Haya yangemwagilia mboga zako zote!"

"Sina mboga!"

"Huna kwa sababu unamwaga maji!"

Chole akamtandika mwiko wa shavu. Eufrasia akamshika nywele. Walianguka sakafuni pamoja, unga ukawaangukia, wakaviringishana mpaka chini ya meza huku wajukuu wanashangilia mlangoni. Chole alikuwa na uzito, Eufrasia alikuwa na sababu. Mwishowe Chole alibaki amekaa anahema, pua inatoka damu, nywele nyeupe kwa unga.

"Unanipigia maji?" akauliza.

"Nakupigia Maricruz."

 Chole alifuta pua kwa aproni, akaitazama ile damu. "Nilimshika mkono mimi," akasema. Kisha, baada ya kukohoa: "Haya. Hilo gata linafungwaje?"

Msimu wa mvua ule Tezontle ilikuwa kama karakana. Wanawake wawili wale walikwenda nyumba kwa nyumba, mmoja na msumeno, mwingine na mdomo. Walikata mapipa mabovu kwa urefu wakayafanya magata. Walifukia matangi ya saruji kwa vipimo alivyoacha Hilario. Walifundisha kwamba mvua ya kwanza huosha bati na iachwe ipite na mavi yake ya njiwa, ndipo ya pili ikingwe, ichujwe kwa kitambaa, ifunikwe mbu wasiizalie. Mifuko ya plastiki iliyokuwa inaziba magata ikapigwa vita, na tortilla zikarudi kufungwa kwenye vitambaa kama zamani. Aliyekutwa anaosha gari kwa mpira wa tangini alinyang'anywa mpira. Muuza nyama mmoja alileta ubishi, akasema uani kwake anatawala yeye, na Chole akamkalia. Alimkalia kweli, barazani, mpaka akakubali kununua beseni.

Rutilio aliwacheka. "Mnakunywa choo cha njiwa!" alikuwa akiwaambia kwenye dirisha la boza. Kisha mvua zikaisha, kiangazi kikaanza, na boza likapanda kilima likakuta ndoo chache. Mara nyingine ikawa chache zaidi. Akaacha kucheka. Akachukua nondo akayang'oa magata ya Chole yote, mchana kweupe, watu wanatazama, na jioni wanawake wakayarudishia. Akatia dizeli kwenye tangi la muuza mkaa. Na kila ndoo isiyonunuliwa mtaani alikwenda kuidai chumbani kwake juu.

Eufrasia alisikia vyote. Sasa alijua kwamba si kitanda kinachohamishwa. Alikuwa akikaa chini ya ngazi na mchi wa jiwe mapajani, na Maricruz alikuwa amemkataza kupanda. "Ukipanda watanirudisha tena," alimwambia. "Acha matangi yajae akilini mwao kwanza." Beseni la kwanza halikumwagwa tena. Maji ya asubuhi yalikuwa ya pinki, siku nyingine mekundu, na Eufrasia aliyafulia nguo, akayasugulia sakafu, akayapeleka chooni, meno ameyauma. Hakutaka kuliacha hata tone moja la damu ile lipite bila yeye kuliona.

Aprili ikafika, na Maricruz akafika nayo. Matangi yalikuwa yameshuka sana, ila kwa kubana yangefika mvua. Asubuhi ya Jumapili Rutilio alimpiga kwa kipande cha mpira wa boza, kile kinene chenye waya ndani, mgongoni na usoni. Alipochoka akakitupa, akavaa viatu akaondoka. Maricruz alikiokota. Alishuka ngazi nacho, akaingia chumbani kwa mama yake, akafunga komeo.

"Sipandi tena," akasema.

Eufrasia alitoka barazani akapiga ndoo yake ya bati kwa mchi wa jiwe. Mtaa mzima ulijua maana yake, kama walivyokubaliana: kuanzia leo hakuna wa kuchota kwenye boza.

Rutilio alirudi mchana. Alikuwa amelijaza boza mpaka linatapika juu. Alilisimamisha katikati ya mtaa, akapiga honi, akashuka. Milango ilikuwa imefungwa. Mbwa tu ndio waliokuja.

"Haya, mabibi! Maji! Leo bure!"

Nyuma ya milango watu walisimama na ndoo zao tupu.

"Sitaki kitu! Nipeni mke wangu, kila mtu ajaze mpaka vikombe!"

Hakuna komeo lililosogea.

"Hamtaki? Basi tazameni vizuri."

Akafungua koki. Maji yakatoka manene kama paja la mtu, yakapiga changarawe nyekundu, yakatafuta mteremko. Yalipita mbele ya nyumba ya muuza mkaa, mbele ya kwa Chole, mbele ya kizingiti cha Eufrasia, maji masafi, mwezi wa Aprili, yanakwenda bondeni bila kumwosha mtu. Nyuma ya milango watoto walianza kulia. Kuna mahali mwanamke alisikika anasali.

Eufrasia alisimama mlangoni kwake. Nyuma yake Maricruz alikuwa amejishika meza. Mikono ya mama ilimwasha, vidole vilijikunja vyenyewe kutafuta mpini. Tangu mtoto yule atoke hakuwahi kuacha maji yapite bila kuyakamata, na sasa yalikuwa yanamlamba vidole vya miguu. Alishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, akaachia maji yapite. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mama mkwe!" Rutilio akacheka. "Hata wewe? Hata kikombe?"

Ndipo mlango wa Chole ukafunguka, na Chole akatoka na ndoo.

Rutilio akapiga makofi. "Nilijua! Karibu, bibi mnene! Mmoja akianza wote wanafuata!"

Eufrasia alifumba macho. Alimkumbuka Chole ameshika mkono wa kulia wa Maricruz. Chole alivuka mtaa akipiga hatua nzito majini, hakumtazama mtu, akainama kwenye koki, akajaza ndoo pomoni. Akainyanyua kwa mikono miwili. Mwanamke yule alikuwa amebeba vyungu vya tamale tangu usichana wake. Alijizungusha kiuno kizima, na ndoo, maji na vyote, ikatua usoni kwa Rutilio.

Pua ilisikika ikivunjika. Rutilio aliketi chini ghafla, mikono usoni, damu inamwagika kwenye maji yanayopita.

"Hiyo ya Tlaxcala!" Chole akapiga kelele. "Hiyo ya mkono nilioushika!"

Milango yote ikafunguka. Walikuja na michi, na vikaango, na kandambili, na mifagio. Muuza nyama alikuja na mkanda. Rutilio alijaribu kuinuka akaangushwa, akatambaa chini ya boza akavutwa miguu. Waliokuwa wakiraruana wenyewe kwa wenyewe miaka yote kwa ajili ya ndoo moja sasa walikuwa na mtu mmoja wa kumgawana. Sikio lake moja lilichanika nusu. Mkono ulioinuka kujikinga ulivunjwa kwa mfagio. Isingekuwa Maricruz, pengine wangemuua.

Alitoka na kile kipande cha mpira mkononi. Watu walipomwona walipisha. Rutilio alimtazama kutoka matopeni, akasema jina lake, akasema "mke wangu." Maricruz alimpiga. Alimpiga bila kusema neno, mgongoni na mabegani, mpaka mkono ukachoka, akabadilisha mkono, akampiga mpaka huo nao ukachoka. Kisha akautupa mpira juu yake. "Ondoka," akasema.

Eufrasia alipita katikati yao wote. Aliuruka mguu wa mkwe wake, akaenda nyuma ya boza, akafunga koki.

Watu wakageuka kumtazama.

"Mnashangaa nini? Maji hayajampiga mtu," akasema. "Pangeni foleni."

Wakapanga. Ilikuwa foleni ya kwanza Tezontle ambayo hakuna aliyevutwa nywele, labda kwa sababu wote walikuwa wamechoka. Rutilio alishuka kilima kwa kujikokota, mkono ameukumbatia, na hakuna aliyemwona akipanda tena. Boza lilikuja kuchukuliwa na mwenye mali, likiwa tupu kabisa.

Jua lilipopoa, Maricruz alikwenda uani kunawa. Alisimama mbele ya beseni la kwanza akajisugua mikono mpaka kwenye viwiko, kisha uso, polepole, maana mdomo ulikuwa umepasuka. Maji yakawa mekundu. Akalinyanyua beseni, na kwa mazoea miguu ikampeleka mtaroni. Aliposhtuka alikuwa ameshaliinamisha. Akasimama hivyo, amemgeukia mama yake.

Eufrasia alikuwa ameketi kwenye kigoda, ndoo ya bati miguuni. 

"Mwaga, mwanangu," akasema. "Ukitaka kumwaga, mwaga. Sitakugusa tena."

Maricruz aliyatazama maji, akamtazama mama yake. Kisha akacheka, akajishika mdomo kwa maumivu, akacheka tena.

"Nimwage maji Aprili? Mama, leo umerukwa na akili?"

Akalirudisha beseni, akalishika vizuri kiunoni. Nguo za kufua hazikuwapo, na sakafu ilikuwa safi.

"Damu yenyewe nyingi ni ya Rutilio," akasema, akayapeleka chooni.